Neno "that" baada ya kiwakilishi: Kiswahili kisibebeshwe lawama isiyo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu barua ya msomaji mwenzangu wa Kampala, aliyelalamika kwamba tangu Kiswahili kiingizwe katika ratiba za shule zetu za sekondari, Kiingereza cha wanafunzi kimezidi kudhoofika. Kama ushahidi alitoa sentensi aliyoikuta katika daftari la mwanawe, "He told that he is sick", kisha akahitimisha kwamba mtoto huyo anafikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Barua yake ilikuwa ya heshima, na uchungu wa mzazi anayeona wino mwekundu katika daftari la mtoto wake ninauelewa vizuri. Hata hivyo, mimi ninafundisha lugha zote mbili hapa Jinja, na sentensi aliyoichagua inashuhudia kinyume cha anachodai. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili asingeweza kuiandika.

Tuitazame kwa makini. "Alisema kwamba anaumwa" ni sentensi iliyokamilika, kwa sababu kitenzi "sema" hakidai kutajiwa mtu aliyeambiwa. Lakini hakuna mzawa wa Kiswahili, awe wa Mombasa, wa Tanga au wa Unguja, atakayesema "Aliambia kwamba anaumwa". Sikio linakataa. Kitenzi "ambia" ni lazima kibebe mtu ndani yake: aliniambia, alimwambia, alituambia, aliwaambia. Kiingereza kimepangwa vivyo hivyo. "Say" husimama peke yake na kufuatwa moja kwa moja na kishazi (sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake) kinachoanza na "that", ilhali "tell" hudai kwanza mtu, na katika mazungumzo ya kila siku mtu huyo mara nyingi huwa kiwakilishi kifupi, yaani "me", "him", "us" au "them", ndipo kishazi kifuate. Aliyeshika tofauti ya "sema" na "ambia" ameshika tofauti ya "say" na "tell" bila kufundishwa upya. Anayeteleza kwa urahisi zaidi ni yule ambaye lugha yake ya nyumbani hutumia kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili. Luganda, kwa mfano, husema "yagamba nti" kwa maana ya alisema kwamba, na "yaŋŋamba nti" kwa maana ya aliniambia kwamba. Kitenzi ni kilekile, kinachoongezeka ni kiambishi cha mtu tu. Sisemi hivi kwa kuidharau Luganda, lugha ninayoizungumza kila siku sokoni na nyumbani. Nasema kosa likitafutiwa chanzo, lisitupiwe jirani.

Kuna jambo moja katika sentensi hiyohiyo ambalo msomaji wetu angeweza kulitumia dhidi ya Kiswahili kwa haki, ingawa hakulitaja. Ni lile neno "is". Kiswahili husema "aliniambia kwamba anaumwa", na wakati uliopo hubaki palepale hata kama maneno yalisemwa mwaka jana. Kiingereza, katika usemi wa taarifa, kwa kawaida hurudisha nyuma wakati wa kishazi ukilingana na kitenzi cha mbele, kikapatikana "He told me that he was sick". Wenye Kiingereza chao hubakiza "is" pale tu ambapo ugonjwa ungali upo wakati wa kuzungumza. Hapo mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji kuonywa, na mwalimu asiyemwonya amekosa. Lakini hilo ni kosa la nyakati za vitenzi. Kukosekana kwa "me" ni kosa jingine, na mtoto aliyefundishwa Kiswahili vizuri hawezi kulitenda.

Nimeandika kwa sababu naona jambo hili linagusa ufundishaji wote wa neno "that", hasa linapotokea baada ya viwakilishi, yale maneno yanayosimama badala ya majina. Walimu wengi hapa Uganda huwapa wanafunzi tafsiri moja tu, kwamba "that" ni "kwamba", kisha husonga mbele. Tafsiri hiyo ni kweli katika baadhi ya sentensi na ni uongo katika nyingine, na mwanafunzi aliyeipokea kama kanuni hupotea mapema. Neno hilo moja la Kiingereza hufanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawia maneno na viambishi tofauti, kila kimoja na sura yake. Hii ndiyo sababu ninaamini kwa dhati kwamba Kiswahili ni msaada mkubwa kwa anayejifunza Kiingereza, mradi mwalimu akitumie.

Huwa ninaandika ubaoni sentensi hii: "She told us that that was all that she had." Wanafunzi huitazama kwa wasiwasi. Wengine hudhani mwalimu amerudia neno kwa bahati mbaya. Kisha ninawaomba waiseme kwa Kiswahili, na baada ya kubishana kidogo huafikiana juu ya tafsiri hii: "Alituambia kwamba hicho ndicho chote alichokuwa nacho." Hapo wasiwasi huisha. "That" ya kwanza, iliyokuja baada ya "us", imekuwa "kwamba". Ya pili, ambayo yenyewe ni kiwakilishi, imekuwa "hicho". Ya tatu, iliyokuja baada ya "all", imeingia ndani ya kitenzi na kuwa kiambishi "-cho-" katika "alichokuwa". Maneno matatu yaliyofanana kama mapacha kwa Kiingereza yametengana kwa Kiswahili, na hakuna mwanafunzi aliyehitaji kukariri jina la kisarufi ili ayatenganishe. Majina ya kisarufi hufuata baadaye, na hufuata kwa urahisi, kwa sababu sasa yana kitu cha kushika.

Wataalamu wa lugha watanikumbusha, na ni haki yao, kwamba hata katika Kiswahili mipaka hii haikuwa mbali hivyo tangu mwanzo. "Kwamba" na "amba-" rejeshi, yaani ile inayorejelea kilichokwisha tajwa kama katika "ambacho", vyote vimetokana na kitenzi kimoja cha zamani, "amba", chenye maana ya kusema, na "ambia" yetu ya leo ni mtoto wa kitenzi hichohicho. Katika Kiingereza nako, "that" inayounganisha vishazi ilitokana na "that" inayoonyesha kitu. Historia hiyo inapendeza, nami huifurahia, lakini mwanafunzi wa leo hukutana na "kwamba", "ambacho" na "hicho" zikiwa zimekwisha kuachana, na kuachana huko ndiko kunakomsaidia.

Tuchukue sentensi mbili zinazofanana kwa sura: "It is true that he came" na "It is he that came". Zote zinaanza na "it is", zote zina "that", na mwanafunzi aliyeambiwa "that ni kwamba" atazitafsiri kwa namna moja. Ya kwanza ni "Ni kweli kwamba alikuja". Ya pili ni "Ndiye aliyekuja", na anayesema "Ni yeye kwamba alikuja" amesema kitu kisicho cha Kiswahili wala cha Kiingereza. Katika ya kwanza, "it" inashika nafasi tu ili kiima halisi, yaani kishazi chote cha "that", kije mwishoni. Unaweza kuigeuza sentensi ikawa "That he came is true", na ingawa watu hawasemi hivyo barabarani, maana inabaki. Ya pili haigeuki hivyo, kwa sababu hapo msemaji anamchagua mtu mmoja na kumkazia. Kiswahili kina kitu maalumu cha kukazia, nacho ni ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndinyi, ndio, na mara baada yake hudai kitenzi chenye urejeshi: ndimi niliyekuita, ndiwe uliyevunja, ndio walioleta. Mwanafunzi anayejua kusema "ndio walioleta" hahitaji zaidi ya dakika chache kuelewa "It was they that brought it". Katika mazungumzo ya kawaida atasikia "It was them that brought it", na asishtuke.

Sasa nije kwenye viwakilishi visivyotaja mtu au kitu maalumu: "everything", "something", "nothing", "anything", "all". Hapa "that" ni rejeshi, na ndipo ninapoona makosa mengi zaidi katika insha za wanafunzi wangu. La kwanza ni "all what he said". Karibu kila darasa linalo. Chanzo chake ni kwamba neno "what", katika sentensi kama "I heard what he said", tayari limebeba vitu viwili ndani yake, kile kinachotajwa na urejeshi wake, kama "alichokisema" kinavyotosha bila "kitu" mbele yake. Ukishatanguliza "all", nafasi ya kinachotajwa imekwisha jazwa, na kinachobaki kuhitajika ni urejeshi peke yake, yaani "all that he said". Kwa Kiswahili ni "yote aliyoyasema".

La pili ni kudondosha "that" mahali isipodondoshwa. Kiingereza huruhusu kuiacha ikiwa baada yake kuna kiima kingine, yaani mtenda kama "we". "Everything that we bought" na "Everything we bought" ni sawa, na katika mazungumzo ya kila siku ya pili husikika zaidi. Lakini ikiwa "that" yenyewe ndiyo kiima cha kishazi, haiondoki. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika, "Everything happened at the market was reported to the police." Msomaji wa Kiingereza anapofika kwenye "market" huamini kwamba sentensi imekwisha: kila kitu kilitokea sokoni. Ndipo anapokutana na "was reported" na kulazimika kurudi nyuma aanze upya. Ikirudishwa "that", njia inanyooka: "Everything that happened at the market was reported to the police." Kiswahili hakina ruhusa hii ya kudondosha katika hali yoyote, haisemwi "kila kitu kilitokea sokoni kiliripotiwa", husemwa "kila kitu kilichotokea sokoni kiliripotiwa". Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika vile hakuongozwa na Kiswahili. Aliongozwa na Kiingereza alichokisikia, ambamo "that" huachwa mara kwa mara, bila kuambiwa ni wapi haiachwi.

La tatu, hata hivyo, ni la Kiswahili, na sitaki kulificha. Sisi husema "kitabu nilichokinunua", tukikitaja kitabu mara mbili ndani ya kitenzi, kwa "-cho-" ya urejeshi na kwa "-ki-" ya yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Hiyo ni sarufi safi. Lakini mwanafunzi akiihamisha ilivyo, huandika "the book that I bought it", au "everything that I saw it". Kiingereza hakitaki "it" hapo, kwa kuwa "that" imekwisha chukua nafasi ya yambwa. Luganda, katika "ekitabo kye nagula", hutosheka na "kye" peke yake. Ninapofundisha jambo hili huwaambia wanafunzi watumie ile sura fupi ya Kiswahili, "kitabu nilichonunua", ambayo pia ni sahihi, kisha waitafsiri hiyo. Kosa hupungua sana.

Niseme pia neno moja kuhusu "he that". Kwenye milango ya baadhi ya makanisa na ofisi za shule nimeona matangazo kama "He that comes late will not be allowed in". Mtindo huu umetoka katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, ambamo "he that" ni ya kawaida, na wazee wetu walijifunza Kiingereza chao humo. Kiingereza cha leo hakirejeshi "that" kwenye viwakilishi vya nafsi kwa namna hiyo. Husemwa "anyone who", "those who", au kwa uzito kidogo "he who". Vilevile mwalimu anayetaka kusema "mimi niliye mwalimu wenu" atasema "I, who am your teacher", na "that" haitaingia hapo hata kidogo.

Narudi sasa kwenye vitenzi vya kuarifu, kwa sababu ndivyo alivyovigusa msomaji wetu, na ndipo mahali ambapo mwalimu anaweza kuokoa alama nyingi za mtahiniwa kwa kazi ndogo. Kipo kikundi cha vitenzi vya Kiingereza ambavyo haviwezi kuingia kwenye kishazi cha "that" kabla ya kutajiwa mtu: "tell", "inform", "remind", "convince", "assure", "notify". "He informed that the meeting was postponed" ni kosa, nalo limejaa katika barua za ofisini na katika kumbukumbu za mikutano. Inapaswa kuwa "He informed us that". Visawe vyake vya Kiswahili, mwambie, mjulishe, mkumbushe, mshawishi, mhakikishie, navyo kwa kawaida hubeba mtu ndani. Kipo kikundi cha pili ambacho mtu huyo anaweza kutajwa au kuachwa, kama "promise", "warn" na "show": "She promised that she would come" ni sawa, na "She promised me that she would come" pia ni sawa.

Kikundi cha tatu ndicho chenye mtego, na mtego huu umetegwa na Kiswahili chenyewe. Ni "explain", "suggest", "mention", "announce", "admit", "complain". Kiswahili husema "alinieleza kwamba", "alinipendekezea kwamba", "alinitajia kwamba", "alitutangazia kwamba", "alinilalamikia kwamba". Katika vyote hivyo mtu amekaa ndani ya kitenzi kwa raha, kama alivyokaa katika "aliniambia kwamba". Mwanafunzi mwerevu, anayefuata mantiki ya lugha anayoijua, huandika "He explained me that the road was closed" na "She suggested me that we should wait". Hastahili kukaripiwa kama mzembe, kwa maana amefuata mpangilio, ila mpangilio huo si wa Kiingereza. Kiingereza hapa hukiweka kiwakilishi nje kidogo, nyuma ya "to": "He explained to me that", "She suggested to us that", "He admitted to them that". Nimejaribu kutafuta kanuni rahisi ya kuwapa wanafunzi ili wabashiri kitenzi kiko katika kikundi gani, na wapo wanaosema kwamba maneno yaliyoingia Kiingereza kutoka Kifaransa na Kilatini ndiyo yanayodai "to". Kanuni hiyo haishiki, kwa sababu "inform", "convince" na "assure" nayo yametoka hukohuko na hayadai "to". Hakuna njia ila kuvijifunza kwa makundi, na kila kitenzi kiandikwe daftarini pamoja na kiwakilishi chake: asiandike "explain" peke yake, aandike "explain to me that".

Jambo jingine linalodai uangalifu ni "it" iliyo katikati ya sentensi. Sisi husema "Naona ajabu kwamba hakuja", bila kiwakilishi chochote kati ya "naona" na "ajabu". Kiingereza husema "I find it strange that he did not come", na anayeiacha "it" akaandika "I find strange that" amekosea. Panapokuja kivumishi au nomino baada ya kitenzi cha namna hii, "it" hushika nafasi ya kishazi ambacho bado hakijafika. Mwanafunzi akishaelewa hivyo asije akaipandikiza kila mahali: "I know it that he came" si Kiingereza cha kawaida, kwa sababu baada ya "know" hapakuwa na pengo la kuzibwa.

Pengo la aina nyingine hutokea baada ya vihusishi, yaani maneno kama "to" na "despite". Kwa jumla, kihusishi cha Kiingereza hakikubali kufuatwa na kishazi cha "that". Ndiyo maana husemwa "See to it that the children eat", ambapo "it" imewekwa kati ya "to" na "that" ili kuvitenganisha. Kiswahili hakina katazo hilo kwa ukali huohuo. Tunasema "licha ya kwamba alikuwa mgonjwa" na hakuna anayekunja uso. Mwanafunzi huihamisha, akaandika "despite that he was sick", na mwalimu humkata alama bila kumweleza. Maelezo ni mafupi: Kiingereza kinadai nomino kati yao, "despite the fact that he was sick", au kiunganishi kingine kabisa, "although he was sick".

Na pale ambapo Kiswahili hakitumii "kwamba", napo pana somo. "Nilimwomba anisaidie", "Nataka uje", "Alimwambia aende" ni sentensi zenye dhamiri ya kutaka au kuamuru, na ndani yake hamna "kwamba". Kiingereza nacho, kwa maana hiyo, kwa kawaida hakitumii "that". Huweka kiwakilishi kisha "to": "I asked him to help me", "I want you to come", "He told him to go". Linganisha na "Alimwambia kwamba alikwenda", ambayo inarudi kwenye "He told him that he had gone". Kuwepo na kutokuwepo kwa "kwamba" kunamwonyesha mwanafunzi njia mbili zinapoachana, isipokuwa katika vitenzi vichache kama "insist" na "suggest", ambavyo hubaki na "that" hata pale Kiswahili kinaposema tu "alisisitiza twende".

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mjadala wa Kiswahili nchini mwetu umekuwa ukiendeshwa kana kwamba saa inayopewa Kiswahili ni saa iliyoporwa kutoka kwa Kiingereza. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha za wenyeji pale inapowezekana, na mtoto huvuka kuingia Kiingereza akiwa darasa la nne. Mtoto wetu basi anaishi ndani ya lugha tatu, tena mara nyingi zaidi ya tatu. Hatutaweza kuziondoa kichwani mwake ili kibaki Kiingereza kitupu, wala sioni kwa nini tutamani hivyo. Tunachoweza ni kumwonyesha zinapokutana na zinapoachana. Mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili katika shule moja, ambao leo hukaa meza mbili mbalimbali katika chumba cha walimu na kila mmoja kulinda vipindi vyake, wanapaswa kukaa pamoja na daftari la mtoto mmoja mbele yao.

Kwa wanaoandaa miongozo ya walimu nina ombi mahususi. Vitenzi vya kuarifu vipangwe katika yale makundi matatu niliyoyataja, kila kimoja kikiwa na kiwakilishi chake na kisawe chake cha Kiswahili, na pale inapowezekana kisawe cha lugha ya eneo husika, iwe Luganda, Lusoga, Runyankole au Acholi, maana chanzo cha kosa hakitakuwa kimoja Jinja na Gulu. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi huwataka watahiniwa waandike upya sentensi kwa kufuata maelekezo, na maelekezo hayo mara nyingi huhusu vishazi vya namna hii. Mtoto aliyezoea kuuliza "hii ni kwamba, au ni ambacho?" atakuwa na kipimo anachoweza kukitumia hata akiwa peke yake mbele ya karatasi.

Na kwa msomaji wetu wa Kampala, namwomba alifungue tena daftari la mwanawe, na asiishie kwenye sentensi ile moja. Atafute pia "explained me that" na "the book that I bought it". Akizikuta hizo, anaweza kukilaumu Kiswahili, nami nitakubaliana naye. Akikuta "He told that" na "all what he said" peke yake, basi namsihi aiondoe lawama yake. Orodha ya vitenzi ninayoitumia darasani, pamoja na visawe vyake, niko tayari kuituma kwako, Mhariri, uichape ikiwa nafasi itaruhusu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili,
Jinja, Uganda.